Uzoefu Wangu na Huduma ya Mwongoza Watalii katika Ngome ya Jhansi

Nilikodi mwongoza watalii katika Ngome ya Jhansi, kaskazini mwa India, kwa sababu nilitaka kuelewa ni nini kilichomfikisha mjane kijana, Rani (yaani malkia) Lakshmibai, kuongoza jeshi dhidi ya Waingereza, na kwa jambo hilo huduma ilistahili gharama yake.

Sehemu iliyonifaa zaidi haikuhusu vita. Tuliposimama karibu na mzinga uitwao Kadak Bijli, mwongozaji alieleza kwa utulivu kwamba chanzo kilikuwa mgogoro wa urithi: Gangadhar Rao, mtawala wa Jhansi, alifariki Novemba 1853, siku moja tu baada ya kumuasili, yaani kumfanya mwanawe wa kupanga, mtoto aliyeitwa Damodar Rao mbele ya mashahidi, akiwemo ofisa wa Kiingereza, lakini Dalhousie, Gavana Mkuu wa Waingereza nchini India, alikataa kumtambua mtoto huyo, na mwaka 1854 Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu kubwa ya India, ikautwaa ufalme kwa hoja kwamba haukuwa na mrithi wa damu. Mjane wake, Rani Lakshmibai, hakukimbilia upanga. Aliandika maombi, akamtafuta mwanasheria John Lang, na madai yake yakakataliwa. Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa sanamu zote zinazomwonyesha akiwa juu ya farasi.

Habari za mwaka 1858, Jenerali wa Kiingereza Hugh Rose alipouzingira mji, zilielezwa tukiwa juu ya ukuta, mahali panapomwezesha mgeni kuona mji wote na kutambua kwa nini ngome ilijengwa juu ya kilima kile mwaka 1613. Rani alitoroka usiku mwanzoni mwa Aprili, akaelekea mji wa Kalpi, na mwezi Juni akauawa vitani karibu na mji wa Gwalior.

Hapo ndipo nina lawama. Mwongozaji alikaa muda mrefu mno mahali panaposemwa kwamba Rani aliruka na farasi wake kutoka ukutani, akaisimulia hadithi hiyo kama jambo lililothibitishwa, ingawa kimo cha ukuta chenyewe kinamtia mtu shaka. Kinyume chake, makaburi ya mpiga mizinga Ghulam Ghaus Khan, Khuda Bakhsh na Moti Bai, waliokufa wakiilinda ngome, tuliyapita kwa haraka mpaka nikalazimika kumwomba turudi. Kwangu huo ni upungufu mkubwa, maana makaburi hayo yanaonyesha kwamba Waislamu na Wahindu walisimama pamoja chini ya bendera ya Rani, na hakuna sababu ya kuwafanya wapambe tu wa hadithi ya mtu mmoja.

Baadaye nilikwenda peke yangu Rani Mahal, kasri alimoishi alipoondolewa ngomeni. Sanamu za kale zilizomo ni nzuri, ila habari zake mwenyewe ni chache. Kwa hiyo fedha ya mwongozaji itumike ngomeni, na mgeni amwambie mapema, kabla ya kukubaliana bei, kwamba anataka muda wa kutosha makaburini.