Mafuta ya kitani kwenye chakula cha kuku wa nyama: yanafaa, ila kwa masharti

Kati ya mafuta ya mimea yanayouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku, hakuna yanayobadilisha mafuta ya nyama haraka kama ya kitani. Zaidi ya nusu yake ni ALA, ile omega-3 ya mimea. Soya ina takriban asilimia 7, kanola 9 hivi, alizeti karibu hakuna, na mawese usiulize. Kuku si ng'ombe: hana tumbo la kucheulia la kuyageuza mafuta kabla hayajafyonzwa, kwa hiyo anachokula ndicho kinachojilimbikiza pajani na chini ya ngozi. Kwa kazi hiyo moja, mafuta haya yanastahili alama zote.

Ahadi za wauzaji ndizo zinazopitiliza. Lebo huandika "omega-3" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali EPA na DHA, zile za samaki, kuku hutengeneza kidogo tu kutokana na ALA. Chakula chenye mafuta mengi ya alizeti au soya huzidi kuibana njia hiyo, maana omega-6, mafuta yaliyojaa humo, inagombea vimeng'enya vilevile. Anayetaka DHA atumie mafuta ya samaki au ya mwani; ya samaki yabaki karibu na asilimia 1 na yaondolewe wiki moja kabla ya kuchinja, la sivyo nyama itakuwa na shombo. Tena kidari kisicho na ngozi kina mafuta machache mno, hivyo faida kubwa iko pajani.

Kipimo cha busara ni asilimia 2 hadi 3 ya chakula cha kumalizia, kwa wiki mbili au tatu za mwisho. Kuanza na vifaranga ni kupoteza mafuta. Kama fomula tayari ina mafuta ya soya, badilisha kilo kwa kilo. Kama haina, usitoe kilo 3 za mahindi ukaweka kilo 3 za mafuta ukadhani umemaliza: nishati itapanda kwa takriban kilokalori 160 kwa kila kilo ya chakula, kuku watakula kidogo, protini itapungua, na watanenepa tumbo. Kwa kilo 100, toa kilo 11 za mahindi, weka kilo 3 za mafuta na 8 za pumba za ngano. Nishati inabaki palepale.

Kwenye kuchanganya, mafuta yakimiminwa katikati ya mashine hufanya madonge, na kuku wachache ndio watakaoyapata. Yachanganye kwanza na kilo 10 za mashudu ya soya yaliyosagwa, pekecha, chekecha, kisha rudisha kwenye mchanganyiko mkavu. Kwa peleti, zaidi ya asilimia 3 ndani ya mashine huzifanya zimeng'enyeke. Kinachozidi kinyunyizwe juu zikishatoka.

Udhaifu wake unatoka palepale penye sifa yake: mafuta haya huchacha upesi kuliko karibu yote mengine. Dai cheti cha maabara chenye kipimo cha peroksaidi (meq kwa kilo), kinachoonyesha mafuta yamechacha kiasi gani. Kikizidi 10, rudisha mzigo. Nunua pipa dogo, lifunike, liweke kwenye kivuli, na changanya chakula cha wiki moja tu. Ongeza vitamini E miligramu 200 kwa kilo ya chakula, yaani gramu 40 za unga wa asilimia 50 kwa kilo 100. Wengi huishia hapo, lakini vitamini E ya aina ya asetati hulinda mwili wa kuku na nyama yake, si chakula kilichomo gunia. Gunia linahitaji kizuia-kuchacha chake, kwa mfano BHT.

Kuna kosa moja lisilosameheka: mafuta ya kitani "yaliyochemshwa" ya mafundi wa mbao na rangi. Yana madini ya kukaushia, na hayafai kuliwa na kiumbe chochote. Nunua yaliyokamuliwa tu, ya daraja la chakula.

Baada ya kuchinja, tarajia mafuta laini yanayotelezesha kisu, hasa ukizidisha asilimia 3. Nyama ya kusaga ndiyo huharibika mapema kuliko zote, kwa sababu kusaga huingiza hewa kila mahali. Igandishe siku hiyohiyo, kwenye mifuko iliyoondolewa hewa.