Mashine ya presha ya nyumbani: angalia mkanda kabla ya bluetooth

Ninayoitumia huvaliwa mkono wa juu, hutumia betri nne za AA na hutuma namba kwenye simu kwa bluetooth. Bluetooth ndiyo iliyopandisha bei, na ndiyo ninayoitumia kwa nadra.

Thamani yake iko kwenye mkanda, ule unaofungwa mkononi na kujaa upepo. Unaokuja ndani ya boksi mara nyingi ni wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Kabla hujalipa, pima mkono wako kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, mkanda huo utakupa presha ya juu usiyo nayo. Dai ule mkubwa. Usingoje kuulizwa na muuzaji wa River Road, Nairobi. Vile vidogo vya kifundo cha mkono viache: mkono ukishuka chini ya usawa wa moyo, namba inapanda.

Ukitaka kupima, kojoa kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha presha. Usinywe chai wala kahawa nusu saa kabla. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, usikunje nne, dakika tano bila kuongea. Mkanda ukae juu ya ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko, mkono ukiwa mezani. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, siku saba. Tupa za siku ya kwanza, zilizobaki zipigie wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 tayari ni juu. 140/90 ni mpaka wa vipimo vya kliniki, na wengi hujidanganya hapo.

Ukiona 180/120, tulia dakika chache, rudia. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata au upande mmoja wa mwili kulegea, usirudie: hospitali moja kwa moja. Alama ya mapigo yasiyo sawa ikijitokeza kila mara, namba hazitegemeki, kapimwe moyo.

Sasa simu. Android za zamani hazioni mashine mpaka uwashe huduma ya mahali ulipo (location). Maandishi ya programu yake ni madogo, Kiingereza kitupu. Kwenye mashine kuna kitufe cha mtumiaji 1 na 2. Mama watoto akipima bila kukibadilisha, presha yake inaingia kwenye wastani wako. Na ukibadilisha betri, tarehe hupotea. Mimi naandika kwenye daftari, na daktari hulipitia upesi kuliko kupekua simu.

Mara moja kwa mwaka ipeleke kliniki ilinganishwe na yao, mkono uleule. Namba zikiachana kwa zaidi ya 10, shuku mkanda kwanza: velkro iliyochakaa hulegea, na mrija uliopasuka huvujisha upepo.