Adui Aliyekufa Ukurasa wa Tisa: Uchambuzi wa Hadithi ya Shabiki Kuhusu Mji wa Liyongo

Watazamaji wangu, karibuni. Kitabu ninachokionyesha mbele ya kamera hakina nembo ya kampuni yoyote ya uchapishaji, kwa sababu ni hadithi ya shabiki: mtu aliyeipenda kazi ya zamani ameiendeleza kwa mkono wake mwenyewe, akaipeleka steshenari ikatolewa nakala, ikafungwa kwa waya wa plastiki ubavuni, na sasa inauzwa hapa Moshi kwa shilingi 7,000 kwenye meza za vitabu vilivyotumika. Mwandishi hakuweka jina lake juu ya jalada, nami sitalitaja. Nitakachokitazama leo ni jambo moja ambalo kitabu hiki kinalifanya vizuri kuliko hadithi nyingi za mashabiki nilizosoma, kisha kinaliharibu chenyewe kuelekea mwisho, nalo ni namna matendo ya adui wa hadithi yanavyoendelea kuamua maisha ya watu baada ya adui huyo kutoweka.

Kazi inayoendelezwa ni kisa cha Fumo Liyongo, ambacho wengi tunakifahamu kupitia utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, na ambacho Edward Steere alikuwa amekwisha kukichapisha kwa nathari mwaka 1870. Kwa wale waliokisahau: sultani wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, anamwogopa Liyongo, shujaa na malenga, akidhani atamnyang'anya ufalme. Anawapa watu ahadi ya fedha ili wamuue wakati wa kula makoma, kwa mpango kwamba kila mmoja atapanda mkoma kwa zamu na zamu ya Liyongo ikifika atapigwa mishale akiwa juu, lakini Liyongo anayaangusha makoma kwa mshale bila kupanda. Anafungwa gerezani, ambako walinzi wanakula chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada, mpaka mama yake anapomwokea mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ambao walinzi hawautamani, na ndani yake kuna tupa. Usiku wa ngoma ya gungu, pembe na matari yakivuma, Liyongo anakata pingu zake na kelele zinaifunika sauti ya tupa. Hatimaye sultani anamtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe, akimwahidi kumwoza binti yake, na kijana anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anakufa katika hali hiyo, na watu wa mji wanashindwa kuchota maji kwa hofu ya maiti wanayoidhani iko hai.

Hapo ndipo hadithi yetu ya shabiki inapoanzia. Sultani anafariki kwa ugonjwa wa kawaida katika ukurasa wa tisa, bila hotuba na bila kujuta, kisha mwandishi anaruka miaka ishirini mbele. Nilipofika hapo nilijiuliza kurasa zaidi ya mia moja zilizobaki zitakuwa na nini iwapo adui ameondoka mapema kiasi hicho, na jibu ni kwamba zimejaa yeye, ingawa hatamki hata neno moja.

Tazameni ukurasa huu wa 23, niusogeze karibu. Msichana mmoja anafika kisimani alfajiri, anaweka kata yake chini, anapiga hatua tatu nyuma, anasubiri kidogo, ndipo anarudi kuchota. Mdogo wake anamwuliza kwa nini wanasubiri, naye anajibu kwamba ndivyo mama anavyofanya. Wanamwuliza mama, naye anasema ndivyo kisima kinavyochotwa. Hakuna anayemtaja Liyongo wala sultani. Msomaji peke yake ndiye anayejua kwamba mji mzima umerithi woga wa siku zile ambazo mshale ulielekezwa kwa kila aliyekuja na mtungi, na kwamba aliyeuweka mshale ule pale, kwa njia ndefu na ya kificho, ni mtu aliyekwisha kuzikwa. Sisi tuliokulia kwenye migomba ya Kibosho na Old Moshi tunalielewa jambo hili bila kufafanuliwa, kwa sababu zamu za maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba ya Wachagga, nazo hufuatwa na watoto ambao hawajui ni ugomvi gani wa mababu uliozipanga hivyo.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ile ya harusi zisizo na ngoma. Baada ya Liyongo kutoroka, sultani wa hadithi hii alipiga marufuku kupiga pembe na matari usiku, na hilo ni wazo la mwandishi, halimo katika utenzi, ila linachipuka moja kwa moja kutoka humo. Amri ilitolewa kwa sababu ya mfungwa mmoja na usiku mmoja. Miaka ishirini baadaye mfungwa amekufa, mtoa amri amekufa, lakini maharusi bado wanatolewa nyumbani kimyakimya mchana kweupe, na mafundi wa ngoma wamekuwa wavuvi. Kuna mzee aliyebaki na pembe moja ya nyati ndani ya mfuko wa ukili. Bibi harusi anamwomba aipige mara moja tu, naye anaiweka mdomoni, anajaza mashavu, kisha anaishusha, kwa sababu midomo imesahau namna ya kukaza. Hakuna askari aliyesimama mlangoni na hakuna anayemzuia mzee huyu. Marufuku imehamia mwilini mwake. Nimeisoma sura hii mbele ya wenzangu tunaokutana mtaa wa Majengo kuzungumzia vitabu, na mmoja wao, ambaye ni fundi wa tarumbeta katika bendi ya kanisa, alisema midomo hupotea kweli mtu akikaa muda mrefu bila kupiga.

Anayefuata ni binti wa sultani, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Katika masimulizi ya zamani binti huyu ni ahadi tu. Anatajwa ili kijana apate sababu ya kumsaliti baba yake, na kijana mwenyewe hampati. Masimulizi yanatofautiana juu ya mwisho wa kijana, lakini juu ya binti yananyamaza kabisa. Mwandishi wetu ameona pengo hilo. Binti yake amezeeka akiwa hajaolewa, si kwa sababu hana uzuri wala mali, bali kwa sababu aliwahi kutajwa kuwa malipo ya kifo cha Liyongo, na hakuna familia inayotaka kumposa mwanamke ambaye mahari yake, kwa macho ya watu, imekwisha kutolewa kwa damu. Hakuulizwa siku alipoahidiwa, na hakuambiwa siku ahadi ilipovunjwa. Baba yake hakumchukia hata kidogo, tena mwandishi anatuonyesha akimletea hariri na kumbembeleza, na kwa maoni yangu ndiyo sababu sehemu hii inauma kuliko ile ya kisima. Ubaya uliokusudiwa kwa Liyongo ulifika kwake kwa bahati mbaya, ukakaa.

Wakati wa mjadala wetu swali lilizuka: je, mama yake Liyongo angeweza kumsamehe binti huyu, ambaye hana kosa? Bibi mmoja wa Marangu, mwenye kutoa maneno kwa mizani, akasema kwamba hata angemletea jani la sale angetazamwa kwanza, maana kwa Wachagga sale huombea msamaha aliyekosa, na binti huyu hakukosa, sasa angeombea nini? Kitabu kina ukurasa mzima ambamo wanawake hawa wawili wanakutana kisimani wakashindwa kupata neno la kuambiana, na nadhani bibi yetu amelieleza tatizo lao kwa ufupi kuliko mwandishi.

Niseme sasa kwa nini nalisisitiza jambo hili. Hadithi nyingi za mashabiki, za Kiswahili na za lugha nyingine, humchukulia adui kama injini ya gari: ikizimika, safari imekwisha, kwa hiyo mwandishi analazimika kuiwasha tena kwa kumfufua adui, kumtafutia mtoto wa siri, au kumleta katika ndoto. Mashabiki wa Harry Potter wana mfano mzuri mikononi mwao na mara nyingi wanaupita. Katika kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1998, tunajua kwamba Voldemort, adui mkuu wa visa hivyo, alipokuwa bado mwanafunzi aitwaye Tom Riddle, alimsingizia mwanafunzi mwenzake Hagrid kosa lake mwenyewe, na Hagrid akafukuzwa shule na fimbo yake ya uchawi ikavunjwa. Miaka hamsini baadaye mashambulizi yanaporudi, rekodi ile ya uongo ndiyo inayomfanya Hagrid apelekwe gereza la Azkaban. Ukweli unajulikana mwishoni, jina lake linasafishwa, lakini miaka ya masomo aliyonyang'anywa hairudi. Shabiki akitaka kuandika juu ya nguvu ya Voldemort hana haja ya kumfufua mahali popote. Amtazame mtu mzima aliyeficha vipande vya fimbo yake ndani ya mwavuli wa rangi ya waridi.

Mwandishi wetu wa Moshi alilielewa hili kwa sura kumi, kisha katika sura ya 11 akakosa ujasiri. Anatokea ghafla mjukuu wa sultani, kijana mwenye sauti ya babu yake, na inafichuliwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akieneza hofu ya kisima, akilipa watu wanyamaze juu ya ngoma, na akiwatisha waliotaka kumposa shangazi yake. Watazamaji, ufichuzi huu unazibomoa sura zote nzuri zilizotangulia. Kama kuna mtu aliyelipa ili pembe isipigwe, basi yule mzee mwenye pembe ya nyati hakuwa amerithi chochote, alikuwa anaogopa jirani tu. Tena unawapa watu wa mji njia rahisi mno ya kutokea: anakamatwa kijana mmoja, na kesho yake matari yanalia mji mzima kana kwamba miaka ishirini haikupita.

Utenzi wenyewe una akili zaidi hapa. Sultani hakufanya lolote kwa mkono wake. Fedha aliahidi, lakini waliokubali kuvizia chini ya mkoma walikubali wenyewe. Walinzi walikula chakula cha mfungwa kwa sababu kilikuwa kitamu na hakuna aliyewaamuru. Kijana aliikubali sindano. Nilitarajia hadithi hii iwafuate walinzi wale, au watoto wao, kwa sababu mtu aliyekula wali wa mfungwa na kumwachia wishwa ana jambo la kueleza nyumbani kwake. Wametajwa mara moja tu, katika ukurasa wa 61, wakiwa wazee wenye heshima wanaokaa mbele msikitini. Sentensi ile moja ilinisisimua kuliko sura nzima ya mjukuu, na mwandishi akitaka kuandika sehemu ya pili, mlango uko pale.

Mambo madogo niyapitie haraka. Mwandishi anawavisha wanawake wa mji huu kanga zenye maandishi, ilhali kanga zilianza kuvaliwa pwani katika karne ya 19 na maandishi yakaja baadaye, wakati Liyongo ni wa karne nyingi kabla ya hapo. Kitambaa kisichotajwa jina kingemwepusha na lawama hii. Mazungumzo yamejazwa maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, mpaka mahali pengine yanasomeka kama mtihani, hasa katika vinywa vya watoto, ingawa nakiri kwamba mama yake Liyongo anaongea kwa namna iliyotulia na ya kuaminika. Mashairi matatu yaliyomo ni ya mwandishi mwenyewe, vina vimekaa sawa, mizani inayumba katika shairi la pili.

Kuhusu kitabu kama kitu cha kushikwa mkononi, waya wa plastiki unashika vizuri na kurasa zinafunguka zikalala bapa mezani, jambo ambalo vitabu vingi vya gundi haviwezi. Wino umefifia kuanzia ukurasa wa 90 hivi, na nakala ya rafiki yangu ilikuwa na ukurasa mmoja uliorudiwa mara mbili na mwingine uliokosekana kabisa, kwa hiyo pekueni kabla ya kulipa. Jalada la karatasi ngumu limechorwa kisima kwa kalamu nyeusi, bila mtu, na hilo ni chaguo zuri la mwandishi au la yeyote aliyelichora.

Je, kinafaa kununuliwa kwa shilingi 7,000? Kwa mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu na kuendelea, ndiyo, kwa sababu sura ya harusi na ile ya binti zinaweza kusomwa darasani sambamba na utenzi, na wanafunzi wakaulizwa ni tendo gani la sultani lililozaa kila hali wanayoiona. Kwa msomaji anayependa mapambano na visasi, atachoka mapema, maana upanga hauchomolewi mpaka ile sura ya 11 ambayo mimi ningependa iondolewe. Nimempelekea mwandishi ujumbe huo kupitia muuza vitabu, pamoja na ombi kwamba toleo lijalo liishie sura ya kumi, pale binti anapoagiza mtungi wa pili uwekwe kisimani kwa ajili ya wasafiri, na atakayekuwa na maoni tofauti kuhusu mjukuu yule aniandikie hapa chini, nitayasoma yote.