Linux Mint katika steshonari yangu ya Mwanga, na fundi aliyeziita nyaraka zangu takataka

Nimeahirisha kuandika haya kwa wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe, lakini kila ninapofungua folda ya nyaraka inapanda upya, kwa hiyo msomaji anivumilie. Nina duka dogo la steshonari hapa Mwanga, Kigoma, ambako natoa kopi na kuchapa barua, wasifu wa waombaji kazi, mitihani ya shule za jirani na katiba za vikundi vya kuweka na kukopa. Kompyuta mpakato yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025 niligundua kwamba prosesa yake ni ya zamani mno kukubaliwa na Windows 11. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Dodoma, aliniambia kwenye simu: “Shangazi, weka Linux Mint. Ni ya bure, na hiyo mashine itaiweza.”

Linux Mint ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, unaokaa mahali pa Windows. Ushauri ulikuwa mzuri. Kosa langu, na ninalikiri mapema, ni kumpelekea fundi kazi ambayo leo naweza kuifanya mwenyewe huku nikisubiri maharage yaive.

Kijana yule ni rika la mtoto wangu wa kwanza, lakini hata shikamoo hakunipa. Nilimweleza kwa maneno yanayoeleweka kwamba kazi zangu zote za miaka mitatu zimo kwenye diski ya mashine ile. Akaniambia, “Ni kama kupiga windo tu, mama, usiwe na wasiwasi,” kisha akachomeka flashi na kuendelea kuzungumza na simu aliyoibana kwa bega. Niliporudi jioni nilikuta mfumo mpya unang'aa, na folda zangu zikiwa tupu. Nilipouliza nyaraka zangu ziko wapi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. “Mama, ukihamia nyumba mpya unahama na takataka za zamani?” Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nikalipa shilingi elfu ishirini, nikaondoka, na mpaka leo sijui kwa nini nililipa.

Kilichonichoma zaidi nilikijua siku chache baadaye, nilipotengeneza flashi yangu na kurudia hatua zile mwenyewe. Kwanza, Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ili mtu aijaribu na ajue kama Wi-Fi na printa vinaitikia kabla ya kuamua lolote. Mimi sikuonyeshwa hilo. Pili, ukifika kwenye hatua ya diski, programu ya kusakinisha haikurupuki. Inapoutambua mfumo uliopo, inauliza waziwazi kama mfumo mpya ukae kando ya ule wa zamani au diski nzima ifutwe, na kabla ya kuandika chochote inaomba uthibitisho. Kwa hiyo kompyuta iliuliza swali lililonihusu mimi, mwenye mali, akalijibu yeye bila kuinua macho kutoka kwenye maongezi yake.

Sasa nirudi kwenye mfumo wenyewe, maana nisipouangalia nitauhukumu kwa makosa ya mtu mwingine. Siku ya kwanza niliuchukia. Barua zilitoka kwenye printa zikiwa zimekatwa mstari wa chini, na tarehe kwenye kona ya skrini ilitanguliza mwezi badala ya siku. Nilidhani Mint ni mbovu, kumbe fundi alikuwa amechagua eneo la Marekani, na eneo hilo huleta karatasi ya saizi ya Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 tunayoitumia sisi. Anayesakinisha upya na achague Tanzania kwenye mipangilio ya lugha na eneo, aweke saa za Dar es Salaam, kisha ahakikishe A4 imewekwa katika printa na pia katika LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka inayokuja na Mint. Kosa hili dogo lilinigharimu nusu rimu ya karatasi. Nimeliweka kwenye hesabu ya takataka.

Kwa watu wa kazi kama yangu, jambo linalofuata ni kuiagiza LibreOffice ihifadhi kila kitu kwa muundo wa docx, kwa kuwa walimu wanaoniletea mitihani watakwenda kuifungua kwenye Word. Fonti ya Times New Roman haikuwamo, lakini ipo Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haihami kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Menyu nimeiacha kushoto chini, mahali mkono wangu ulipoizoea, na maandishi nimeyakuza kidogo kwa sababu ya macho yangu. Rangi na mandhari sikuhangaika navyo. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyeweka picha ya ziwa.

Masasisho ndiyo yaliyonifanya nianze kuupenda mfumo huu. Kwa kawaida Mint haijisasishi bila ruhusa: inaonyesha alama ndogo chini ya skrini na kunisubiri niamue. Mimi huisasisha usiku kwa bando la usiku, baada ya kubadilisha seva ya kupakulia na kuchagua iliyopimwa kuwa na kasi zaidi. Kabla ya hapo huchukua nakala ya mfumo kwa Timeshift, ambayo inaweza kuirudisha mashine ilivyokuwa jana endapo sasisho litaharibu kitu. Lakini hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu nami nusura nidanganyike: kwa mipangilio yake ya kawaida Timeshift hutunza faili za mfumo tu, haitunzi barua zako. Nyaraka binafsi zinahitaji nakala yake pembeni, kwenye diski nyingine. Laiti ningekuwa nayo, basi hata fundi yule angekuwa kero ya jioni moja tu. Nakubali kwamba kwa hilo nami nina sehemu yangu ya lawama.

Sehemu yangu, lakini si yote. Yeye aliambiwa!

Mtoto wa kaka yangu aliniagiza nisiandike kitu kingine chochote kwenye diski ile, niwashe mashine kwa flashi, na nitumie programu ya bure iitwayo PhotoRec kutafuta mabaki ya faili na kuyahifadhi kwenye diski ya nje. Ilifanya kazi usiku kucha. Asubuhi nilikuta mamia ya nyaraka, nyingine nzima, nyingine nusu, zote zikiwa zimepoteza majina na kupewa herufi f ikifuatwa na tarakimu. Nililia, na sijui kama kilikuwa kilio cha furaha. Tangu siku hiyo kila jioni nafungua chache: tangazo la msiba, mtihani wa hisabati, barua ya kuomba kazi bandarini, risala ya harusi. Hizo ndizo takataka zenyewe.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wenye kazi kama yangu wasithubutu kubadili mfumo. Sasa naona nitakuwa nasema uongo, kwa sababu mashine imekuwa nyepesi kuliko nilipoinunua. Ningeupa nyota tano. Hapana, nne, kwa kuwa skana ya printa yangu bado haijakubali. Fundi simpi hata nusu, na elfu ishirini yangu ningeidai kama si ile benchi ya watu wanaocheka. Bado zimebaki faili mia na zaidi sijazifungua, na katiba ya kikundi cha akina mama wa Kibirizi, ambao wamekwisha kuja kuiulizia mara tatu, haijaonekana.