Kipimo cha elfu 20 kwenye Spacio ya 2002: kimegoma, kipande cha waya kimeongea

Habari zenu wadau. Leo niko nyuma ya nyumba, Iringa, na Toyota Spacio yangu ya 2002 iko boneti juu kama kawaida yake. Nimeshika hiki kidude, ngoja nikisogeze kwenye kamera. ELM327 ya bluetooth, kinasoma makosa ya injini na kuyaleta kwenye simu, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, nimekinunua elfu 20. Mmekuwa mkiniuliza kama kinatufaa sisi tunaojitengenezea gari nyumbani. Nimekipima kwenye gari mbili, na majibu yamekuja tofauti kabisa.

Kwanza tazameni hii lebo: "v1.5". Chipu ya ELM327 yenyewe ilibuniwa na Elm Electronics ya Kanada, na toleo 1.5 hawakuwahi kulitoa. Walitoka 1.4 wakaruka hadi 2.0. Kwa hiyo hapa tumeshika kopi, wala sishangai kwa bei ile.

Sasa ugonjwa wa Spacio. Tangu baridi ya Juni ianze, asubuhi naiwasha inazunguka weee, haishiki. Mara ya nne ndiyo inakohoa na kuwaka. Mchana, injini ikiwa na moto, nagusa tu ufunguo imeshawaka. Taa ya cheki injini inakuja na kupotea inavyotaka. Fundi mmoja aliisikiliza dakika mbili akasema pampu ya mafuta. Nikanunua pampu ya mtumba, elfu 60, nikafunga. Kesho yake asubuhi ikazunguka vilevile.

Haya, nachomeka kidude chini ya usukani. Kimeingia vizuri, kataa kekundu kamewaka. Simu imekiona, namba ya siri 1234, programu ya Torque imefunguka. Tunasubiri. Tunasubiri. Hakuna kitu: kidude kimeonekana ila kontrolo boksi, yaani kompyuta ya gari, haijibu. Nimejaribu mara sita, hadi simu nimebadilisha.

Siyo kwamba kimekufa. Marekani ililazimisha gari zote za modeli ya 1996 kuendelea ziwe na OBD2, mfumo mmoja wa gari kujikagua na kusema makosa yake, na Ulaya gari za petroli zikafuata 2001. Hii Spacio ilitengenezwa iuzwe Japani kwenyewe. Soketi ni ileile ya tundu 16, lakini mazungumzo ya ndani ni ya Toyota wenyewe. Muuzaji aliniambia kinaingia gari zote. Hakudanganya, kinaingia. Kusoma ndiyo hakisomi.

Kwa hiyo nikachukua hiki kipande cha waya. Sogeeni. Swichi imezimwa. Soketi ina safu mbili: juu namba 1 hadi 8, chini 9 hadi 16. Naunganisha 4 na 13, ili gari itoe kosa lake kwa kupepesa taa. Hesabu mara mbili jamani, maana 16 ina umeme wa betri muda wote na 4 ni ethi, yaani hasi. Ukizigusanisha hizo mbili ni cheche, fyuzi, na labda waya kuungua. Sasa nawasha swichi bila kuwasha injini, halafu tazameni taa ya cheki injini kwenye dashibodi. Kungekuwa salama ingepepesa haraka haraka bila kupumzika. Hii inapepesa mbili... inatulia... mbili. Ishirini na mbili, hiyo ndiyo kodi, namba ya kosa. Kwa Toyota hizi, 22 ni mzunguko wa sensa ya joto la maji.

Hapo ndipo asubuhi zangu zote zikaeleweka. Waya wa sensa hii ukikatika, kontrolo boksi haijui joto la injini, basi inakisia nyuzi 80. Injini ya baridi inapewa mafuta ya injini ya moto. Itashikaje? Mchana ikiwa na moto kweli, makisio yanaangukia mle mle.

Lakini msikimbilie maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kununua sensa! Nilishachoma elfu 60 kwa pampu, safari hii nikapima kwanza. Nimeifungua kwenye kichwa cha injini upande wa gia boksi, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko na multimita, kile kipimo cha umeme, pembeni. (Sufuria ilikuwa ya zamani, nilishaomba msamaha ndani.) Maji ya baridi, karibu 2,500 omu. Yalipofika nyuzi 80, ikashuka hadi 300 na ushee. Ndivyo inavyotakiwa. Sensa nzima!

Basi nikageukia plagi yake. Oneni humu ndani, pini ya kushoto ina kutu ya kijani kama sarafu iliyosahaulika kwenye ndoo. Nimeikwangua kwa msasa laini, nikaibana kidogo ishike, nikarudisha. Nimechomoa fyuzi ya EFI, ya mfumo wa mafuta, nusu dakika kufuta kodi. Gharama: msasa.

Gari ya pili ni RAV4 ya 2006 ya shemeji, na huko kidude kimenifurahisha. Sekunde chache kimeunganika, kodi P0171, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Raha yenyewe ni namba zinazotembea: injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 21. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500, ikashuka hadi 5. Ikishuka hivyo, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Tukaukuta mrija wa vakyumu umepasuka chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo mwenye gari ya Japani ya miaka ya 90 au 2000 mwanzoni, kiazime kwanza ujaribu kabla hujatoa hela. Mwenye gari ya kuanzia 2006 hivi, nunua. Watumiaji wa iPhone, hiki cha bluetooth ya kawaida hakitawakubali, tafuteni cha wifi. Na ukimaliza kichomoe, kinanyonya betri hata gari ikiwa imezimwa. Nakipa sita kwa kumi. Multimita ingepata tisa.

Haya. Sasa ni asubuhi yake, saa kumi na mbili na robo, mnaona umande kwenye kioo na mvuke mdomoni mwangu. Sijaigusa tangu jana jioni. Nyamazeni kidogo msikilize.

Imewaka. Mara moja tu! Ngoja nizime niirudie, jirani atanisamehe.