Batman: The Dark Knight Returns: ngumi zote zipo, mawazo yamebaki kitabuni

Kabla ya kununua, angalia unachukua toleo lipi. Filamu hii ya katuni ilitoka vipande viwili: Sehemu ya 1 mwaka 2012, na Sehemu ya 2 mwanzoni mwa 2013, kila kimoja kikiwa na dakika 76. Baadaye 2013 likatoka toleo la Deluxe lililounganisha vyote viwili, dakika 148. Chukua hilo. Riwaya ya picha ya Frank Miller ya 1986, ambayo filamu inaifuata, ina sura nne, na Sehemu ya 1 inabeba mbili za kwanza tu. Ukiishia hapo, umemwona mzee akirudi kazini na kulishinda genge, lakini hujaona kurudi kwake kunamgharimu nini. Tena kipande hicho kinafungwa kwa Joker, adui mkuu wa Batman, kuzinduka katika Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili, baada ya kuona kwenye runinga kwamba Batman yuko hai. Kitabuni tukio hilo limo ndani ya sura ya kwanza, limefukiwa mapema kama mbegu. Filamu imelisogeza mwisho ili likuvute hadi kwenye diski ya pili. Katika toleo lililounganishwa linakaa vizuri, kwa sababu hadithi inaendelea papo hapo.

Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, ana miaka 55 na amekaa miaka kumi bila kuvaa vazi la popo. Mji wake wa Gotham unaungua kwa joto, genge la Mutants linaua hovyo, naye anarudi mitaani. Nataja matukio waziwazi humu, hata ya mwisho.

Kosa kubwa la filamu, kwa maoni yangu, ni kuiondoa sauti ya mawazoni. Kitabuni karibu kila ukurasa una visanduku vya maneno ambamo Batman anajisemea: anahesabu njia za kumwangusha adui, anasikia viungo vikiuma, anajidanganya kwamba bado ni kijana. Usiku wa kwanza mvua inapompiga anajiona kama aliyebatizwa, amezaliwa upya. Katika filamu unaona mvua, unaona ngumi, lakini hujui kichwani mwake kuna furaha inayokaribia wazimu. Mkurugenzi Jay Oliva na mwandishi Bob Goodman walichagua kuyaacha matendo yaseme. Uamuzi huo unaipa filamu kasi, lakini Batman wa kitabuni ni mtu anayepigana na nafsi yake, na huyu wa filamu anabaki jitu lisiloelezeka. Msomaji atajaza pengo mwenyewe. Asiyesoma ataona mzee katili tu, na sitamlaumu.

Kinachookoa hali ni sauti ya Peter Weller, anayemsemea Batman. Amezaliwa 1947, kwa hiyo uzee unaousikia ni wa kweli: koo kavu, maneno machache, hakuna kunguruma kwa kujilazimisha. Sikiliza hasa pambano la pili na kiongozi wa Mutants. Mara ya kwanza Batman anatoka ndani ya gari lake, ambalo sasa ni kifaru cha kivita kabisa, anapigana naye mkono kwa mkono na kuchakazwa, kwa sababu amemkabili kijana kwa nguvu na kasi, vitu ambavyo yeye hana tena. Mara ya pili anampeleka kwenye tope. Topeni kasi haifai kitu; kinachobaki ni kujua mwili wa binadamu unavunjikia wapi. Ndipo anapomwambia kwamba hili si dimbwi la tope, ni meza ya upasuaji, naye ndiye daktari. Maneno hayo yalikuwa ya kutamkwa tangu kitabuni, ndiyo maana yamevuka salama. Hapa filamu inakizidi kitabu: kila pigo lina uzito, na unaelewa kwa nini limepigwa pale lilipopigwa.

Runinga ni suala jingine. Miller alijaza kurasa zake visanduku vidogo vyenye umbo la skrini, watangazaji na wachambuzi wakibishana kama Batman ndiye dawa au ndiye ugonjwa. Jicho hupita juu yake kwa sekunde chache. Filamu haina njia hiyo, kila neno lazima litamkwe kwa muda wake, kwa hiyo mijadala mingi imepunguzwa na iliyobaki huonekana mirefu. Ivumilie, maana bila hiyo mauaji anayoyafanya Joker kwenye kipindi cha mazungumzo cha runinga hayana maana.

Michoro ni safi kuliko ya kitabu. Wino mzito wa Klaus Janson na rangi za Lynn Varley, zilizofifia kama majivu, haviwezi kurudiwa katika maelfu ya picha zinazotembea, hivyo mistari imenyooshwa na rangi zimekolezwa. Miili mikubwa ya mraba imebaki. Zima kipengele cha runinga yako kinacholainisha mwendo: katuni hushikilia mchoro mmoja kwa zaidi ya fremu moja, na mashine ikibuni picha za katikati, ngumi zinaacha vivuli na kuonekana za mpira. Zima pia kile kinachobadilisha mwanga chenyewe, la sivyo matukio ya usiku yatageuka kijivu. Washa maandishi ya chini, kwa sababu lugha ya mitaani ya Mutants na ya Carrie Kelley, binti wa miaka 13 mwenye manati anayekuwa Robin, msaidizi wa Batman, inapita haraka.

Nusu ya pili ndiyo bora. Michael Emerson anamtilia Joker sauti ya upole mno, na upole huo unatisha kuliko kicheko. Pambano na Superman limerefushwa, na sababu zake zimetunzwa: kombora la nyuklia limemnyima Superman jua linalompa nguvu, Batman amechota umeme wa mji kuendesha vazi lake la chuma, na mpiga mishale Oliver Queen, mwenye mkono mmoja, anasubiri na mshale wa kryptonite, madini yanayomdhoofisha Superman. Jua tu kwamba rais anayeonekana ni Reagan na hofu yote ni ya Vita Baridi. Filamu haikuhamisha zama.

Usiwawekee watoto wadogo, kuna shingo inayovunjwa waziwazi. Na kama kitabu unacho, soma sura mbili, tazama saa ya kwanza na robo, kisha rudi kwenye sura ya tatu kabla ya kuendelea. Mawazo yake yatakuwa bado masikioni Joker anapoingia kwenye handaki la wapendanao katika uwanja wa burudani.