Mafuta ya mgando yasiyo na harufu: yamemsaidia mwanangu mwenye pumu
Jamani wazazi wenye watoto wa pumu, mwanangu mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ilikuwa myeusi tii mpaka nikadhani inhela ndo inamharibu, kumbe ni ukurutu, yaani ugonjwa wa ngozi kukauka na kuwasha, mara nyingi unaendaga pamoja na pumu, anajikuna ngozi inavimba ikipona inaacha weusi. Duka moja la vipodozi waliniuzia krimu ya kung'arisha ikamuunguza, iliniuma sana. Sahivi nampaka mafuta haya ya mgando tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu, asubuhi na jioni. Kujikuna kumepungua mno! Weusi unafifia taratibu, huu ni mwezi wa nne tangu nianze kumpaka na bado upo kidogo. Yananata kwenye shuka ila bei poa, na ukurutu ukiwaka naongezea dawa aliyoandikiwa na daktari.